Milango Yenye Ngazi Pana

Kabla ya kununua tiketi hata moja, mimi na dada yangu tulikaa na orodha ya ngome na majumba ya Uingereza tukaanza kufuta majina. Orodha ilikuwa ya mwanangu, anayeishi kaskazini mwa London, na aliiandaa kwa mapenzi yote: Dover kwenye pwani ya kusini-mashariki, Alnwick karibu na mpaka wa Uskoti, na katikati yake Windsor, Warwick, Kenilworth, Bodiam, Blenheim, Hatfield, Hardwick, Chatsworth na Castle Howard. Kijana mwenye gari na likizo ndefu angeifurahia. Lakini dada ana goti lililopasuliwa, na mimi nina presha inayopanda nikikimbizwa.

"Mamkubwa, siku hizi kila mahali pana lifti," mwanangu alimwambia.

"Lifti ndani ya mnara wa miaka mia nane? Tusomee kwanza, baba," dada akamjibu.

Tukasoma. Na nilichokiona katika kusoma huko, ambacho ningependa kila mzee anayefikiria safari ya namna hii akisikie, ni kwamba kuchagua hakumpunguzii mtu safari. Nimewaona wa rika letu wakipitishwa ngome mbili tatu kwa siku moja, dereva akiwangoja nje na saa mkononi, na jioni wanachokumbuka ni maegesho ya magari na foleni ya choo. Nyumba moja ukiipa siku yake, ukaketi, ukauliza, ukanywa chai, kisha ukarudi kwenye kile chumba kilichokugusa, hiyo umeiona.

Tulianza kwa kutenganisha ngome na jumba. Ngome ilijengwa ili asiyetakiwa asiingie, na akiingia awe amechoka. Ndiyo maana njia yake inapanda mlima, lango lake ni jembamba, na ngazi zake zinazunguka ndani ya ukuta, kila kipandio na kimo chake, upande wa ndani hauzidi upana wa kiganja, na mara nyingi pa kushika ni kamba tu. Jumba la fahari lilijengwa kwa nia iliyo kinyume kabisa. Mwenyewe alitaka wageni waingie, waone mali yake, wakasimulie. Ngazi zake ni pana, vipandio vyake ni vifupi, na pa kujishikiza papo, kwa sababu waliozipanda zamani walikuwa mabibi wenye magauni mazito na mabwana wenye jongo. Mzee wa leo anafaidi kwa hilo bila ya kuwa amekusudiwa.

Kwa kipimo hicho Dover ikafutika, na ilituuma. Mnara wake mkuu ulijengwa na Mfalme Henry wa Pili katika miaka ya 1180, na chini yake, ndani ya mwamba mweupe, yamo mapango ambamo Admeri Bertram Ramsay alipanga kuwaokoa askari wa Dunkirk mwaka 1940. Ni mahali pakubwa kihistoria, lakini ni kilima juu ya kilima. Warwick, iliyoanzishwa mwaka 1068, siku hizi imepangwa zaidi kwa ajili ya familia zenye watoto, na watoto wetu wamekwisha kuwa wakubwa. Blenheim nilisita nayo. Winston Churchill alizaliwa humo tarehe 30 Novemba 1874, na mwaka 1907, akiwa naibu katika wizara ya makoloni, alishuka Mombasa akapanda reli kwenda bara. Mwishowe tukamwachia mwanangu aende na wanawe.

Kipimo cha pili kilikuwa changu. Nimefundisha historia sekondari maisha yangu yote ya kazi, na miaka yote hiyo nimeandika ubaoni majina ya mabwana waliokata shauri juu ya pwani yetu wakiwa mbali nayo: Salisbury, Devonshire. Wanafunzi waliyakariri kwa ajili ya mtihani. Mabwana hao walikuwa na nyumba, na nyumba zenyewe bado zipo, na mtu akinunua tiketi anaruhusiwa kuingia. Nilitaka kusimama mlangoni mwao na swali langu. Mgeni mzee anayebeba swali lake mwenyewe hachoki upesi, maana hatazami kila kombe na kila kiti. Anajua anachokitafuta.

Mambo mengine ni ya kawaida, lakini ndiyo yanayoiharibu safari yakisahauliwa. Nyumba nyingi zinazokaliwa na wenyewe hufunga milango majira ya baridi. Windsor haifunguliwi Jumanne na Jumatano, na kanisa lake haliingiwi na watalii Jumapili, kwa kuwa ni siku ya ibada. Reli ya Uingereza ina kadi ya wenye miaka 60 na zaidi inayopunguza theluthi moja ya nauli, na mgeni kutoka nje anaweza kuinunua kwa kuonyesha pasipoti. Haitumiki katika baadhi ya safari za asubuhi mapema, na hilo lilitufaa, maana mzee hana sababu ya kugombania treni na watu wanaowahi kazini. Majumba makubwa huazimisha viti vya magurudumu bila malipo ukiomba mapema. Dada alikataa kukisikia, kisha akakubali tukiombe "kwa tahadhari", na siku za changarawe alikishukuru. Changarawe iliyomwagwa mbele ya majumba haya inachosha goti kuliko ngazi.

Tulikwenda Juni, mchana ukiwa mrefu hata jua linazama baada ya saa tatu usiku. Sala zetu tuliziswali bustanini, chini ya miti, adhuhuri na alasiri pamoja kama wasafiri, na hakuna aliyetusumbua.

Windsor tulianza nayo kwa sababu ya kaburi. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa katika hoteli ya Treetops, Nyeri, baba yake, Mfalme George wa Sita, alipofariki, na habari zikamfikia Sagana mchana wake. Mama yetu alikuwa akilisimulia hilo kana kwamba limetokea nyumba ya pili. Kwa hiyo dada alitaka kuona alipolazwa, na tulikwenda Alhamisi. Treni ya kupitia Slough inakushusha karibu na ngome, ukilinganisha na ile nyingine inayokuacha chini mtoni. Baada ya ukaguzi wa mizigo kama wa uwanja wa ndege, unapanda mteremko polepole kuuzunguka Mnara wa Mviringo, uliosimama juu ya kilima cha udongo ambacho watu wa William Mshindi walikilundika kwa mikono miaka mia tisa na zaidi iliyopita.

Kanisa la Mtakatifu George lina viti, na tulivitumia. Chini ya sakafu yake amelala Henry wa Nane pamoja na Charles wa Kwanza, yule aliyekatwa kichwa, na watu wanapita juu yao. Kaburi la Elizabeth limo katika kikanisa cha pembeni kilichojengwa mwaka 1969 kwa ajili ya baba yake. Huingii. Unapita nje, unatazama ndani. Ni jiwe jeusi lenye majina manne, wazazi wake, yeye na mumewe, na miaka yao. Basi. Dada alisoma 1952 mwishoni mwa jina la George, akanishika mkono, tukasogea ili kupisha wengine.

Mimi nilikuwa na mgeni wangu mwingine wa kumwaza. Mwaka 1875, Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alizuru Uingereza na kupokewa na Malkia Victoria hapa hapa Windsor. Miaka miwili kabla yake alikuwa ameshurutishwa kutia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Miaka minane baada yake alikuwa amekwisha kujenga Beit al-Ajaib. Alipokanyaga Windsor, Mombasa, Lamu na Tanga zilikuwa zake. Nilizipita sebule za kifalme, dhahabu juu na hariri ukutani, nikijaribu kuiona kwa macho yake. Sikupenda kila nilichokiona, maana kuna vyumba vilivyojazwa vitu hata jicho halina pa kutulia. Ila ukumbi mrefu wa Mtakatifu George ulinikamata. Uliungua katika moto wa tarehe 20 Novemba 1992, na dari la mwaloni unaloliona leo ni kazi ya mafundi wa miaka mitano iliyofuata. Dari lote limepangwa ngao za mashujaa wa Nishani ya Garter. Baadhi ya ngao ni tupu, nyeupe, bila alama. Hizo ni za waliovuliwa heshima. Sijaona namna nyingine ya kumfuta mtu inayomtaja wazi kiasi kile.

Nyumba ambayo ningemwambia mzee yeyote aanze nayo, hata kama ana siku moja tu ya London, ni Hatfield. Treni kutoka King's Cross ni safari fupi mno, na lango la kuingilia limetazamana na stesheni. Mbele ya lango hilo, kabla hujatoa hela yoyote, ameketi mwenyewe: sanamu ya shaba ya Lord Salisbury, Markwisi wa tatu, kitini na joho lake, ndevu zimemwagika kifuani, akiwatazama wasafiri wanaotoka kwenye treni. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Dada alitafuta benchi akanipa nafasi.

Salisbury alikuwa Waziri Mkuu mwezi Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilipokubaliana mstari uanzie mdomo wa mto Umba, uende hadi Ziwa Victoria, ukiukwepa Kilimanjaro na kuuacha upande wa Wajerumani. Bado ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu, na Waziri wa Mambo ya Nje juu yake, tarehe 1 Julai 1890 ulipotiwa saini ule mkataba wa Heligoland: Wajerumani wakapewa kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini, Waingereza wakaachiwa Unguja na Pemba, na Witu ikabadilisha mwenyewe bila ya kuulizwa. Ukoo wa mama yangu uko Vanga na uko Tanga. Kwenda kuzikana tunavuka mpaka. Nimelifundisha jambo hili kwa ramani na chaki, na hapa nilikuwa nimesimama mbele ya magoti ya shaba ya mtu aliyekuwa na kauli ya mwisho. Katika mwaka huo wa 1890 yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba walikuwa wakigawiana milima na mito na maziwa wasiyojua hasa yako wapi. Alikuwa mkweli kwa hilo. Na hakuacha.

Kutoka langoni hadi nyumbani ni mwendo wa kupanda kidogo ndani ya bustani ya miti. Tuliupanda kwa vituo. Nyumba yenyewe ni ya matofali mekundu yenye mawe meupe pembezoni, ilikamilika mwaka 1611, na aliyeijenga ni Robert Cecil, waziri wa Mfalme James wa Kwanza. Mfalme alilipenda jumba la Cecil la Theobalds, wakabadilishana mwaka 1607, Cecil akapewa Hatfield. Akavunja sehemu kubwa ya kasri la zamani ili apate matofali ya nyumba mpya. Upande mmoja wa kasri hilo umebaki, na ndimo alimokulia Elizabeth wa Kwanza. Habari za kuwa malkia zilimkuta Hatfield Novemba 1558. Husemekana alikuwa ameketi chini ya mwaloni.

Ndani, ukumbi wa kwanza una sakafu ya miraba myeusi na myeupe, na humo imo picha ya Elizabeth akiwa ameshika upinde wa mvua. Mzee aliyekuwa zamu pale, mwanamume mwembamba mwenye beji ya kujitolea, alituona tunaitazama kwa mbali akatuita karibu. "Tazameni joho," alisema. Tukatazama. Joho la rangi ya chungwa limechorwa macho na masikio, kitambaa chote. Macho yanaona, masikio yanasikia. Kwenye mkono wa kushoto amelala nyoka aliyetiwa vito. Hakuna mstari hata mmoja usoni mwake, ingawa picha inasemekana ilichorwa akiwa na umri wa kutuzidi sisi kidogo tu au kutukaribia. Dada, ambaye kazi yake ilikuwa kushona magauni ya arusi, hakuutazama uso. Aliinama kwenye ukosi wa lesi akaanza kunieleza umekunjwaje, umepigwa wanga wapi, na saa ngapi za kazi zimekaa pale. Yule mzee akamletea kiti. Wakaongea kuhusu lesi hata wageni wengine wakasimama kusikiliza.

Ngazi kuu ni ya mti uliochongwa kuanzia chini mpaka juu, na mwanzoni mwake pana vilango vidogo vya mti vilivyowekwa kuwazuia mbwa wasipande. Dada aliipanda mguu mmoja mmoja, mkono juu ya mti uliolainishwa na viganja vya miaka mia nne. Hakuomba msaada.

Nilimwuliza mzee wetu kama kuna popote ndani ya nyumba panapotajwa Zanzibar. Aliniuliza kwa nini. Nikamweleza mto Umba, Vanga na Tanga. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba wageni humwuliza zaidi kuhusu taa za umeme, kwa sababu Salisbury huyo alipenda sayansi na nyumba yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza Uingereza kuwashwa umeme. Akaongeza, taratibu, kwamba amefanya zamu pale kwa miaka na hakuwahi kufikiria watu wa upande wa pili wa ule mkataba wana jamaa za kuzikana. Nililipokea jibu lake kama lilivyotolewa. Hilo ndilo nililoliendea.

Bodiam tulikwenda kwa ajili ya mwanangu, aliyetaka tuone angalau ngome moja inayofanana na ngome za vitabuni, na kwa gari lake. Ilijengwa kuanzia mwaka 1385 na Sir Edward Dalyngrigge, imezungukwa na handaki pana lililojaa maji, na kutoka nje imekamilika: minara minne ya pembe, lango, daraja. Ndani ni gofu. Kwa mzee hiyo ni heri, kwa sababu uzuri wake wote uko nje, na nje ni njia ya nyasi. Tuliizunguka polepole tukakaa. Wajukuu walipanda minara wakatupungia kutoka juu. Saa mbili zilitosha, na sioni haja ya kusema zaidi.

Kwa Chatsworth na Hardwick tulilala Chesterfield, treni ya saa mbili hivi kutoka London. Ushauri wa kulala nautilia mkazo. Kwenda na kurudi kwa siku moja inawezekana kwenye ratiba ya treni, haiwezekani kwenye mwili. Majumba yote mawili yanaanzia kwa mwanamke mmoja, Bess wa Hardwick, aliyeolewa mara nne, akifiwa na kila mume na kuzidi kutajirika. Chatsworth aliianza na mumewe wa pili, Sir William Cavendish, katika miaka ya 1550. Hardwick aliijenga uzeeni, miaka ya 1590, akiwa na umri unaokaribia wa dada yangu, akaweka herufi za jina lake, ES, juu ya paa zionekane mbali. Kwa sisi wawili hilo lilikuwa na uzito wake.

Hardwick ndiyo iliyovunja kanuni yetu, maana Bess aliweka vyumba vyake vya fahari ghorofa ya juu kabisa. Ngazi ni ya mawe, inapanda taratibu ikipinda ndani ya nyumba nzima. Dada alibaki chini. Mimi nilipanda nikipumzika kila mpindo, nikafika kwenye ukumbi mrefu uliofunikwa mazulia ya ukutani toka mwanzo hadi mwisho, mapazia yamefungwa nusu ili jua lisiyale rangi. Nilitafuta pa kuketi. Viti vya kale vilikuwa vingi, na juu ya kila kimoja limewekwa ua kavu lenye miiba. Nyumba za National Trust, shirika la kuhifadhi majumba ya kale, hufanya hivyo mahali pa kuandika "usiketi". Mama wa zamu aliona mkono wangu umeshika ukuta, akainuka kwenye kiti chake mwenyewe akanipa. Nikakaa hapo, nikayatazama mazulia yale kwa raha yangu. Kwa mzee, kuuliza "kiti kipi kinakalika?" mara tu aingiapo chumbani ni busara, na hakuna aliyewahi kutukunjia uso.

Hardwick ni ya National Trust kwa sababu ya kifo. Duke wa kumi wa Devonshire, wa ukoo wa Bess na mwenye majumba yote mawili, alifariki ghafla Novemba 1950, na kodi ya urithi ya wakati huo ilikuwa asilimia 80. Kulipa kwake kulichukua miaka mingi: mashamba yaliuzwa, kazi za sanaa zikatolewa, na Hardwick ikakabidhiwa mwaka 1959 ili Chatsworth ibaki. Majumba mengine mengi hayakupata bahati hiyo. Yalivunjwa katika karne ya ishirini, moja baada ya jingine.

Chatsworth ni kubwa, na sitajaribu kuieleza yote. Ukitoka bondeni unaiona ng'ambo ya mto Derwent, jiwe la rangi ya mchanga mbele ya mlima wa msitu. Ndani kuna ukumbi uliochorwa Julius Caesar ukutani na darini. Kuna mlango ambao nyuma yake imetundikwa fidla kwenye msumari, na unapokaribia unagundua si fidla, ni rangi. Dada alinyoosha kidole hewani akiifuata kamba yake, akakataa kuamini. Kuna sanamu ya mwanamke aliyefunikwa shela, kazi ya Raffaelle Monti ya 1847, shela na uso vyote vikiwa jiwe moja. Hapo alisimama kuliko popote safari nzima. Alishona shela maisha yake yote. "Huyu alijua nguo inaangukaje," alisema, na hakusema jingine mpaka tulipofika bustanini.

Bustani ndiyo iliyonileta kwenye swali langu. Katika miaka ya 1830 mtunza bustani wa Duke wa sita, Joseph Paxton, alipata mgomba uliotokea Mauritius, akaulea ndani ya nyumba ya vioo hata ukazaa, ukapewa jina la ukoo wa mabwana zake: Cavendish. Ndizi karibu zote zinazosafirishwa kwa meli duniani leo ni za aina hiyo. Paxton akaendelea akajenga nyumba kubwa zaidi ya vioo, yenye kupashwa joto kwa makaa ya mawe, iliyokuwa maajabu ya zama zake. Wakati wa Vita vya Kwanza makaa yakakosekana, mimea ya nchi za joto ikafa, na mwaka 1920 Duke wa tisa, Victor Cavendish, akaibomoa. Leo mahali pake pana bustani ya vichochoro ambamo watoto hupotea wakicheka.

Victor Cavendish huyo ndiye Devonshire wangu. Julai 1923, akiwa Waziri wa Makoloni, alitoa waraka uliotamka kwamba Kenya ni nchi ya Kiafrika na kwamba maslahi ya Waafrika yatatangulia. Kwa waraka huo walowezi walinyimwa serikali yao wenyewe waliyoidai. Wahindi walinyimwa haki sawa waliyoidai wao, wakapewa viti vitano vya baraza dhidi ya kumi na moja vya Wazungu. Waarabu wa pwani wakapata kimoja. Nyanda za juu zikabaki za Wazungu. Na hao Waafrika, ambao maslahi yao yametangulia, wakawakilishwa na mmisionari wa kuteuliwa. Wanafunzi wangu siku zote waliuliza: sasa, huyu alitusaidia au hakutusaidia? Nilizoea kuwajibu kwa utaratibu wa mtihani, faida upande huu, hasara upande ule. Nikiwa kwenye benchi juu ya msingi wa ile nyumba ya vioo nilijua ningewajibu vingine. Yale maneno yaliandikwa ili kumzima mlowezi na Mhindi kwa pamoja, lakini yakishaandikwa yalikuwa yameandikwa, na wazee wetu waliyashika wakayarudisha mezani miaka thelathini iliyofuata kila walipodai ardhi na kura. Aliyeyatoa hakuwapa kitu. Walikipata kwa kuyashikilia.

Nilimweleza hayo mama mmoja wa zamu tuliporudi ndani kutafuta njia ya kutokea. Alikuwa hajausikia waraka huo kamwe. Alichukua kijidaftari mfukoni akaniomba nimtajie mwaka, kisha jina la nchi yangu, akaandika vyote.

Chai tulikunywa katika mazizi ya zamani ya farasi, na skonzi zenye malai na jamu. Majani ya chai ya Kiingereza mengi hutoka Kericho na Nandi, na dada alidai anaitambua ladha. Hapo hapo tukaanza kupanga safari ijayo tukijaaliwa. Yeye anataka Osborne, nyumba ya Malkia Victoria kwenye kisiwa cha Wight, alimofia Januari 1901, kwa sababu ya kile chumba cha Kihindi kilichobuniwa na fundi wa Punjab, Bhai Ram Singh, na kwa sababu feri ya Southampton inakushusha East Cowes, karibu kabisa. Mimi nataka Harewood, Yorkshire, iliyojengwa kwa fedha za sukari na watumwa wa Karibi kuanzia 1759. National Trust ilitoa ripoti mwaka 2020 ikataja maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni na utumwa, na watu wengi walikasirika. Harewood haimo katika hesabu hiyo, kwa kuwa haimilikiwi na National Trust, lakini Earl wa sasa, David Lascelles, amelikiri jambo hilo waziwazi, na ameagiza zichorwe picha za watu wenye asili ya Afrika na Karibi zitundikwe pamoja na za babu zake. Nataka kuziona zimewekwa ukuta gani. Basi la kutoka Leeds linapita langoni, na nimekwisha kuuliza: vyumba vya fahari viko chini, usawa wa mlango.